Mkono Chini ya Shuka

Jina la Bi Mkono hakupewa na wazazi wake, wala siku za mwanzo hakulipenda. Alilipata kazini. Wakaguzi wengine wa nyumba za kulelea wazee huanzia ofisini: wanafunguliwa mafaili, wanaletewa soda baridi, wanasifu mapazia, wanaondoka. Yeye huanzia vitandani. Anapita kitanda kwa kitanda, anamwamkia mwenye kitanda, anamtania kidogo, kisha anauingiza mkono wa kulia chini ya kiuno cha mzee, pale mwili unapokutana na godoro, na kuuacha hapo huku akihesabu kimoyomoyo moja mpaka tatu. Pakiwa pakavu, anatabasamu na kuandika. Pakiwa pamelowa, hata kama ni kiasi cha kiganja cha mtoto, matroni wa nyumba hiyo ajue siku yake imeharibika.

"Mafaili yanadanganya," alipenda kuwaambia wenzake, "mapazia yanadanganya, na matroni akiapa mbele yangu huwa natazama pembeni nisije nikashiriki dhambi. Shuka peke yake ndilo halijawahi kunidanganya."

Alikuwa na sababu. Mama yake mzazi alifia hospitalini juu ya shuka lililokuwa limelowa tangu alfajiri. Yeye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Alikuja kumgeuza, akakuta ngozi ya mgongo imebaki kwenye kitambaa. Aliyeona hayo hacheki muda mrefu, na akija kucheka tena anacheka kwa nguvu, kana kwamba analipiza. Ndivyo alivyokuwa. Na idara ilipotaka fomu mpya ya kupimia nyumba za wazee, yeye ndiye aliyeiandika. Katika alama mia, shuka kavu likapata thelathini peke yake. Nepi za mchana akazikatia alama, maana mzee si kitoto kichanga. Siku hizi nyumba arobaini na mbili zinapimwa kwa fomu hiyo.

Katika hizo zote, nyumba ya kilimani ndiyo iliyokuwa fahari yake. Miaka minne mfululizo daraja la kwanza. Kwa hiyo kaka yake alipopigwa na kiharusi, Bi Mkono hakuhangaika kutafuta kwingine. Kaka Fundi, kama alivyoitwa na kila mtu mpaka marehemu mkewe, alikuwa fundi bomba kwa miaka arobaini. Kiharusi kilimchukulia upande mzima wa kulia, na ulimi pia. Bi Mkono alikuwa akiishi ghorofa ya tatu, kwenye ngazi ambazo hata yeye mzima huzipanda akisimama mara mbili kuongea na moyo wake. Akampeleka kilimani.

"Siku ishirini na moja za mwanzo ndugu hawaji," matroni alimwambia siku ile. "Azoee kwanza. Mkija mnamliza."

Bi Mkono akakubali. Aliona huo ni utaratibu wa watu wanaoijua kazi yao.

Sasa ilikuwa siku ya kumi na nane, na ratiba ya ukaguzi ikawa imemfikisha pale kabla ya ruhusa ya undugu. Alimweleza bosi wake kwamba mle ndani ana kaka. Bosi akacheka. "Mkono wako hauna ndugu, Bi Mkono. Wewe nenda."

Akaenda, tena akiimba.

Alifika saa tatu asubuhi. Matroni alimpokea mlangoni, mwanamke mrefu aliyenyooka, viatu vyake vyeupe vikigonga sakafu kwa sauti kavu, ko, ko, ko, kiasi kwamba ungeweza kujua yuko wapi ukiwa umefumba macho. Nyuma yake alisimama mhudumu, mama wa makamo mwenye saa iliyobanwa kifuani, macho chini.

"Karibu, Bi Mkono. Barua yako tuliipata juzi. Tumejiandaa."

"Mngejiandaa msingejiandaa, mimi na rafiki yangu huyu tungekuja tu," alisema Bi Mkono, akauinua mkono wake wa kulia na kuvichezesha vidole hewani.

Matroni alitabasamu. Mhudumu hakutabasamu.

Nyumba ilikuwa safi. Sakafu ilimeta, madirisha yalikuwa wazi, hapakuwa na ile harufu ambayo nyumba nyingi hujaribu kuifukuza kwa dawa na kuishia kunukia vyote viwili. Bi Mkono alivuta pumzi, akaridhika. Lakini alipoingia kwenye ukumbi mrefu wa vyumba, akapunguza mwendo bila kujua kwa nini.

Pale palikuwa na wazee thelathini na mmoja, na wazee wengi kiasi hicho huwa na makelele yao. Mmoja anakohoa, mwingine anabishana na redio, kuna anayemwita mtu aliyekufa zamani, kuna anayelalamika kuwa miwani yake imeibiwa na huku ameivaa. Hapa palikuwa kimya. Ila kutoka mbali ukumbini ilisikika ngo, ngo, ngo. Ikanyamaza. Ngo, ngo, ngo.

"Nini hiyo?"

"Kuna anayegonga-gonga kitanda," alisema matroni. "Hawa wa kiharusi unawajua. Tuanze chumba cha kwanza?"

"Chumba cha tisa nimalizie," alisema Bi Mkono. Cha tisa ndimo alimokuwa kaka yake. "Kwanza niwe mkaguzi, baadaye niwe dada. Nikichanganya nitaanza kulia kwenye fomu."

Matroni akaenda ofisini kuandaa mafaili, na mhudumu akabaki naye.

Kwenye chumba cha kwanza alilala mzee aliyekuwa mwalimu. "Shikamoo, mwalimu!" Mwalimu hakuitika. Alikuwa akiutazama mkono. Kabla Bi Mkono hajakifikia kitanda, mzee akafumba macho na kukiinua kiuno chake mwenyewe, kwa taabu, miguu ikimtetemeka.

"Ah, mwalimu! Umejiweka tayari utadhani unapimwa suruali!"

Hakuna aliyecheka. Mkono ukaingia, moja, mbili, tatu. Pakavu. Bi Mkono akaandika. Pembeni ya kitanda palikuwa na kikombe cha maji kimejaa, kimefunikwa kwa kisahani. Fomu iliuliza: maji yapo karibu na kitanda? Akaweka alama ya ndiyo.

Chumba cha pili pakavu. Cha tatu pakavu. Kila alipoingia aliona jambo lile lile: macho hayaendi usoni kwake, yanaenda mkononi. Miaka iliyopita alidhani ni heshima. Leo, labda kwa sababu kaka yake alikuwa miongoni mwao, aliona kitu kingine, na hakutaka kukitazama vizuri.

Kwenye chumba cha nne alikuwepo bibi kizee mdogo kama mtoto wa shule. Alikuwa ametia mdomoni ncha ya kitambaa cha kunawia uso, ananyonya. Alipomwona Bi Mkono akakificha haraka chini ya mto.

"Bibi, hicho kitambaa au muwa?"

"Mkono umekuja leo?" aliuliza bibi, sauti yake ikikwaruza. "Basi kesho watatupa."

"Watawapa nini, bibi?"

"Amechanganyikiwa huyo, mama," mhudumu alisema haraka. "Siku hizi anasema lolote."

Bi Mkono akauingiza mkono. Pakavu. Godoro lilikuwa kavu namna ambayo magodoro ya dukani hukauka. Alipokuwa akiutoa, bibi akaukamata kwa vidole vyake vyembamba, akausogeza puani, akaunusa. Bi Mkono alikuwa amenawa pale mlangoni, na kati ya vidole ubichi ulikuwa bado haujaisha. Bibi akaulamba.

Utani wote ukamkauka Bi Mkono.

Ngo, ngo, ngo, ikasikika kutoka mbali ukumbini.

Hakuvikagua vyumba vilivyobaki. Alitembea moja kwa moja mpaka cha tisa, mhudumu akimfuata nyuma huku akisema, "Mama, bado cha tano, mama, matroni atauliza."

Kaka Fundi alikuwa amelala chali. Alimwacha hapa akiwa mtu mzito, mwenye mashavu. Aliyekuwa kitandani alikuwa na mashavu yaliyoingia ndani na midomo iliyopasuka. Macho tu ndiyo yaliyokuwa ya kaka yake. Kikombe cha maji kilikuwa pale, kimejaa, kimefunikwa, kimewekwa kulia kwake, upande wa mkono uliokufa. Mkono wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umeviringishwa kitambaa kinene mpaka kwenye kifundo, ukafungwa fundo.

"Nani amemfunga?"

"Anagonga mchana kutwa, mama. Tulimfunga ili asijiumize. Sasa anagongea kiwiko."

Na kweli, kiwiko cha kushoto kilikuwa kimechubuka. Kaka Fundi akamtazama dada yake, akakiinua, akakigonga kwenye chuma cha kitanda mara tatu. Akasubiri. Akagonga tena mara tatu.



Alipokuwa msichana wa shule, Jumamosi zake zote zilikwisha akiwa msaidizi wa kaka yake. Kaka hupanda darini akatambaa na spana zake, yeye hubaki chini amekaa kwenye koki kuu, sikio kwenye bomba. Huko juu hata ukipiga kelele huku chini hasikii mtu, kwa hiyo kaka alikuwa akizungumza kwa spana. Akigonga mara moja, funga. Akigonga mara tatu, fungulia maji. Na kaka alikuwa na sharti moja ambalo hata njaa iume vipi hakulilegeza: fundi haondoki kwenye nyumba ya mtu mpaka bomba la mwisho limetoa maji.

Siku kumi na nane alikuwa akimwita mtu wa kwenye koki.

Bi Mkono aliinama, akafungua fundo kwa meno. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, hakuuingiza mkono chini ya shuka. Alibana ngozi ya mkono wa kaka yake kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama pindo la hema. Akamfungua mdomo, akaugusa ulimi. Ulikuwa kama kipande cha mti.

Akakifunua kikombe. Juu ya maji palikuwa na utando wa vumbi, na nzi aliyekufa siku nyingi.

"Niletee maji masafi," alisema. "Na kijiko."

Mhudumu hakusogea. Mikono yake ilikuwa imeshikana kifuani, juu ya ile saa.

"Hujanisikia?"

"Mpaka uondoke, mama."

"Unasema?"

"Tunawapa ukishaondoka." Machozi yalianza kumtoka, ila sauti ilibaki ya mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Tukimpa sasa hivi, mama, mkono wako utakuta nini?"

Viatu vikasikika ukumbini. Ko, ko, ko. Kaka Fundi akageuza macho mlangoni, mkono wake wa kushoto ukajikunja, ukagonga chuma mara moja tu.

Funga.

"Usifunge, Kaka," alinong'ona Bi Mkono. "Wallahi leo usifunge."

Matroni akasimama mlangoni. Alikitazama kitambaa kilichofunguliwa, akamtazama mhudumu, akaelewa. Hakuonekana kuogopa. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

"Tangu lini hajanywa?" aliuliza Bi Mkono.

"Jana asubuhi alipata. Cha kumezea dawa."

"Siku za kawaida?"

"Nusu kikombe asubuhi, nusu saa sita. Kuanzia hapo tunafunga. Barua yako ikifika tunafunga kabisa."

"Barua yangu inafika siku mbili kabla."

"Ndiyo."

"Umewakausha watu kama samaki! Wewe una roho gani?"

"Usinipigie kelele mbele ya wazee wangu," alisema matroni taratibu. "Mwaka wa kwanza ulipokuja, humu walikuwa wanakunywa. Chai, uji, maji, mtu akitaka anapata. Wahudumu wawili, wazee thelathini na mmoja. Ulikuta mashuka kumi na moja yamelowa. Unakumbuka ulifanya nini? Ulilivua moja, ukalibeba kama bendera mpaka ukumbini, ukaniuliza mbele ya wafanyakazi na jamaa za wazee kama mama yangu mimi ningemlaza humo. Ukanipa daraja la nne. Watu wakahamisha wazee wao. Nililia siku tatu, Bi Mkono. Siku ya nne nikaisoma fomu yako kama ninasomea mtihani. Inauliza kama maji yapo karibu na kitanda. Haiulizi kama yanaingia mdomoni."

 

"Mwaka huu," akauliza Bi Mkono, "mmefiwa na wangapi?"

"Tisa."

"Sababu?"

"Mafaili yanasema uzee." Matroni akaangalia viatu vyake. "Wote walifia pakavu. Uliandika mwenyewe kwenye ripoti, kwamba hapa hata kifo kina heshima. Tuliitundika ofisini."

Mhudumu akatoka mbio. Matroni alimwita mara moja tu. Mama yule akarudi na jagi na kijiko, maji yakimwagika kwenye sakafu inayometa.

Bi Mkono akamnyanyua kaka yake, akamwegemeza kifuani kwake, kidevu kimeinama kama anavyotakiwa mtu wa kiharusi asije akapaliwa. Kijiko cha kwanza kiliteremka pembeni ya mdomo. Cha pili pia. Kwenye cha tatu koo likacheza. Lilicheza kwa shida, kama koki iliyoshika kutu. "Hivyo hivyo, Kaka," alisema, huku analia na kutania kwa pamoja. "Meza. Lowesha shuka, lowesha godoro, lowesha mpaka miguu ya kitanda. Nitakupa alama mia, mshenzi mkubwa wewe."

Kwa mkono mwingine alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Wakamwambia nusu saa. Alimnywesha kijiko kwa kijiko, akihesabu. Alipofika cha arobaini, kwa mazoea tu, mkono wake wa kulia ukateleza chini ya shuka.

Moja, mbili, tatu. Pakavu.

Alisubiri, akauingiza tena. Pakavu. Katika miaka yake yote ya kazi hakuna kitu alichowahi kukitamani kama ubichi kwenye shuka lile, hata kama ni kiasi cha kiganja cha mtoto. Figo zikikaa bila maji muda mrefu mno hufikia siku ya kutorudi. Aliijua siku hiyo, maana aliwahi kuwafundisha wengine. Asichokijua ni kama kaka yake alikuwa ameshaipita.

Gari likafika. Vijana wawili wakambeba Kaka Fundi pamoja na shuka lake. Mmoja aliibana ngozi ya kifuani, akamtazama mwenzake, wakaongeza mwendo bila kuzungumza.

Bi Mkono akawafuata ukumbini na jagi mkononi. Walipofika usawa wa chumba cha nne, akasikia.

Ngo, ngo, ngo.

Alikuwa yule bibi mdogo. Mlango wake ulikuwa wazi; alikuwa ameona jagi likipita mbio kuelekea kwa mzee anayegonga, akafanya hesabu yake. Alikuwa akigonga chuma cha kitanda kwa pete ya ndoa. Chumba cha pili kikaitika. Kikafuata cha saba. Mwalimu wa chumba cha kwanza alikuwa akigonga kwa miwani yake. Ngo, ngo, ngo, kila upande, wengine kwa nguvu, wengine kwa sauti ndogo kama kucha ya paka, mpaka nyumba nzima ikawa inagonga, na katikati ya ukumbi matroni amesimama na viatu vyake vyeupe, hajui aelekee wapi.

"Unapanda, mama?" aliita kijana wa kwenye gari. "Tunaondoka!"

Bi Mkono alikitazama kitanda cha magurudumu kikipandishwa. Mkono wa kushoto wa Kaka Fundi ulikuwa ukining'inia nje ya shuka, haugongi chochote. Akataka kukimbia aushike. Nyuma yake wazee thelathini walikuwa wakimwita mtu wa kwenye koki, na huko mjini zilikuwepo nyumba nyingine arobaini na moja zenye mashuka makavu, na fomu ile ile.

"Wewe nenda naye," alimwambia mhudumu. "Umshike mkono huo. Akigonga mara tatu, mpe. Akigonga mara moja, usimsikilize."

Mhudumu akapanda. Milango ikafungwa.

Bi Mkono akageuka, akachukua jagi la pili kutoka meza ya ukumbini, akalisukuma kifuani kwa matroni mpaka maji yakamlowesha.

"Anza upande ule," alisema. "Kwa kijiko, taratibu, kichwa juu."

Akaingia kwenye chumba cha nne. Bibi alikuwa bado anagonga. Alipouona mkono unakuja, akafumba macho na kuanza kukiinua kiuno chake.